Mabinti Waliokosekana: Uhakiki wa Hesabu ya Amartya Sen

Mwaka 1990 mwanauchumi wa Kihindi, Amartya Sen, aliandika katika jarida la New York Review of Books kuwa wanawake zaidi ya milioni 100 wamekosekana duniani: walistahiki kuwa hai na hawapo. Makala hiyo imetajwa sana tangu hapo, aghalabu na watu wasioisoma. Tumeona tuipime, kwa kuwa ina haki kubwa ndani yake na ina pengo.

Kwa kawaida huzaliwa wavulana 105 hivi kwa kila wasichana 100. Wavulana hufa zaidi utotoni, basi pale ambapo wote hulishwa na kutibiwa sawa, wanawake huishia kuwa wengi. Sen aliitolea mfano Afrika kusini mwa Sahara, wanawake 102 kwa wanaume 100, kisha akauliza kwa nini China na India ziko chini ya hapo. Yaani mfano ni sisi masikini! Kwa hiyo ufukara peke yake si udhuru. Hapo amepatia.

Pengo ni kuwa alitazama zaidi waliokufa baada ya kuzaliwa: binti anayenyimwa chakula, anayechelewa kupelekwa hospitali. Wakati huo huo mashine za altrasaundi zilikuwa zimeshaenea Asia. Sensa ya China ya mwaka 2000 ilikuta wavulana wapatao 117 waliozaliwa kwa wasichana 100. Sen mwenyewe alirejea suala hili mwaka 2003 katika British Medical Journal, akaeleza kuwa vifo vya wasichana vimepungua, lakini nafuu hiyo imeliwa na uchaguzi unaofanyika tumboni.

Mwaka 2005 Emily Oster wa Marekani alidai kuwa sehemu kubwa ya upungufu huo, hasa China, yatokana na virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo aliona huongeza uzazi wa wavulana. Ni hoja ya faraja, inawaondolea wazazi lawama. Lakini uwiano wa mtoto wa kwanza huwa karibu na kawaida, nao huharibika kwa wa pili na wa tatu pale nyumba yenye mabinti watupu. Kirusi hakihesabu mabinti. Mwaka 2008, baada ya uchunguzi mpya China, Oster aliiacha hoja yake hadharani, na hiyo ni adabu ya elimu ambayo si wengi wanayo.

Madhara yake hayaishii kwenye hesabu. Mama hutolewa mimba kubwa tena na tena mpaka apate mwana, na mwili wake ndio unaolipa. Vijana wa kiume hukosa wake, na wanawake wa Vietnam na Myanmar wameuzwa China kuwa maharusi.

Wahubiri wetu nao wana lao. Husoma Suratun Nahl aya ya 58 na 59 kama habari za Jahiliya iliyokwisha, au aibu ya makafiri. Azerbaijan, nchi ya Waislamu, ilifikia wavulana zaidi ya 115 kwa wasichana 100. Watasemaje?

Na fiqhi? Wanazuoni wameafikiana kuwa baada ya siku 120, roho inapopulizwa, kutoa mimba ni haramu isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Kabla ya hapo wamekhitalifiana. Altrasaundi aghalabu huonyesha jinsia kwa uhakika karibu na mpaka huo, hivyo hukmu ilitosha kufunga mlango. Sasa kuna kipimo cha damu ya mama kinachojulisha jinsia tangu wiki ya kumi, na mwenye kufutu kwa kuhesabu siku tu amebaki nyuma.

Imamu Ghazali, naye ni Mshafii kama wengi wa pwani yetu, alikwisha kulitatua katika Ihyaa. Kutoa mimba alikuona ni jinai katika kila hatua, na jinai hiyo hukua kadiri mimba inavyokua. Ama azli, ambayo yeye huijuzisha, alipozitaja nia zake aliihesabu hofu ya kuzaa mabinti kuwa nia mbovu, ya Waarabu waliokuwa wakiwaua mabinti zao, na mwenye nia hiyo hupata dhambi kwa nia yake. Basi ikiwa tone ambalo halijawa mimba lina hisabu hii, mufti anayeulizwa juu ya mimba ya wiki kumi aanze kwa kuuliza sababu, kabla ya kuuliza tarehe.