Sifa Hazimwambii Mnunuzi Bei ya Bati

Mwaka 1997 watafiti wawili wa kampuni ya Sun Microsystems huko Marekani, John Morkes na Jakob Nielsen, walitengeneza tovuti moja katika matoleo matano. Tovuti yenyewe ilieleza vivutio vya utalii vya jimbo la Nebraska, na habari zilikuwa zilezile katika matoleo yote. Kilichotofautiana ni uandishi.

Toleo la kwanza liliandikwa kwa mtindo ambao kampuni nyingi zinautumia mpaka leo: sifa juu ya sifa, vivutio vinavyotambuliwa dunia nzima, umati unaomiminika kila mwaka bila kukosa. La pili lilipunguza maneno yakabaki karibu nusu. La tatu liliyaacha maneno yalivyo, likayapanga katika orodha ambayo jicho huipitia upesi. La nne ndilo ninalolirudia kila ninapopewa ukurasa wa biashara niukosoe: mpangilio wake haukuguswa, lengo halikuwa kufupisha; sifa tu ndizo zilizotolewa, yakabaki majina ya mahali na idadi ya wageni wa mwaka 1996. La tano liliunganisha yote matatu.

Washiriki 51 waligawiwa matoleo hayo wakapewa kazi za kufanya, kisha wakapimwa: walitumia muda gani, walikosea mara ngapi, walikumbuka nini, waliridhika kiasi gani. Ukilinganisha na toleo la sifa, toleo fupi lilifanya vizuri zaidi kwa asilimia 58, lile la orodha kwa asilimia 47, lililoondolewa sifa kwa asilimia 27, na lililounganisha yote kwa asilimia 124.

Jumlisha 58, 47 na 27 upate 132, si mbali na 124. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye somo, maana faida hizo tatu hazikumezana sana. Mwandishi aliyefupisha ukurasa wake na kuupanga vizuri, lakini akaacha "huduma bora zisizo na mfano", bado anampunguzia msomaji kitu ambacho ufupi peke yake hauwezi kukirudisha. Watafiti walieleza sababu: msomaji akikutana na majigambo hulazimika kuyachuja ili apate ukweli ulio ndani yake, na kazi hiyo humla muda na akili. Anayetafuta bei kwenye simu, bando likiwa linakwisha, hana nafasi ya kuchuja. Katika jaribio jingine la mwaka huohuo, Nielsen na Morkes waliona kuwa asilimia 79 ya watu hupitia juujuu kila ukurasa mpya wanaoufungua. Waliosoma neno kwa neno walikuwa asilimia 16 tu.

Mwenye biashara akisikia hayo huuliza: na Google je? Imani iliyoenea ni kwamba injini ya utafutaji ina lugha yake, kwa hiyo lazima kuwe na maandishi ya mtu na maandishi ya mashine. Kampuni ya BMW ya Ujerumani iliifuata njia hiyo mpaka mwisho. Tovuti yake ilikuwa na kurasa zilizojaa maneno ya magari yaliyotumika, yakirudiwa tena na tena, kwa ajili ya roboti za Google peke yake. Mtu akibofya kiungo, programu ndogo ndani ya ukurasa ilimhamishia papo hapo kwenye ukurasa mwingine wenye picha nzuri na maneno machache. Februari 2006 Google iliiondoa tovuti hiyo katika matokeo yake. Kampuni ilizifuta kurasa zile, na baada ya siku chache tovuti ikarudishwa.

Kilichonigusa katika kisa hiki ni chanzo chake. Ukurasa ule mzuri ulikuwa na maneno machache mno. Wangeyaandika maneno ya magari yaliyotumika pale ambapo mnunuzi anayaona, katika kichwa cha ukurasa na aya ya kwanza, wasingehitaji ukurasa wa pili wa kufichwa. Njia nyingine za mkato zimefungwa vilevile: Septemba 2009 Google ilitangaza kwamba haitumii katika kupanga matokeo ile orodha ya maneno muhimu inayofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa. Hata hivyo, bado kuna watengenezaji wa tovuti wanaoijaza.

Tuchukue mfano wa kubuni: duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Ukurasa wake unaanza hivi: "Karibu katika tovuti yetu. Sisi ni kampuni inayoongoza katika kutoa suluhisho za kisasa za uezekaji zenye ubora wa kimataifa." Hakuna fundi wala mwenye nyumba atakayeandika "suluhisho za uezekaji" kwenye simu yake. Ataandika "bei ya bati geji 28", au "mabati ya migongo mipana Morogoro". Basi kichwa cha ukurasa kiseme: Mabati ya geji 28 na 30, Morogoro – bei na rangi. Aya ya kwanza itaje geji, urefu, rangi zilizopo, bei ya kila moja, duka liko mtaa gani, na kama usafiri hadi kwa mteja unalipiwa. Kila kimoja ni jibu la swali la mnunuzi, na kila kimoja ni neno ambalo injini ya utafutaji inaweza kulilinganisha na swali hilo. Ndiyo maana nasema kumwandikia mtu na kuiandikia mashine ni kazi moja.

Kuna mazoea mawili hapa kwetu yanayoiharibu kazi hiyo. La kwanza ni kuweka bei na maelezo yote ndani ya picha ya tangazo. Picha inapendeza, lakini Google yenyewe inashauri habari muhimu ziandikwe kama maandishi ya kawaida, na mteja mwenye kioo kidogo hulazimika kuivuta picha huku na kule. La pili ni "bei njoo inbox". Najua sababu zake: washindani wanachungulia, na bei hubadilika kila mzigo mpya unaposhuka. Lakini aliyeulizia bei saa nne usiku hasubiri jibu la asubuhi ikiwa duka la pili limeiandika.

Maneno sahihi hayahitaji kununuliwa kwa mtaalamu. Yamo kwenye simu ya duka. Fungua ujumbe wa WhatsApp wa wateja, uone wanavyouliza wenyewe, na wanavyorudia swali pale jibu la kwanza lilipokuwa na utata. Maswali yanayojirudia ndiyo vichwa vidogo vya ukurasa, kwa maneno yao. Kuhusu bei zinazobadilika, andika tarehe kando ya kila bei, na mpe mtu mmoja wa kaunta jukumu la kuzirekebisha siku mzigo unaposhuka, kabla bati la kwanza halijauzwa.