Utando Ulioshiba Umeme

Kila aliyepita shule ya msingi anaukumbuka mchezo huu: unasugua kalamu ya plastiki nyweleni, unaisogeza karibu na vipande vya karatasi, navyo vinairukia kabla haijavigusa. Mwalimu alituambia huo ni umeme tuli, tukaandika daftarini, yakaisha. Miaka mingi baadaye, nyumbani kwa fundi redio mmoja mstaafu, niliukuta umeme uleule ukinipigia taarab masikioni.

Vilikuwa vipokea sauti vya Stax Lambda Pro, kazi ya Wajapani wa miaka ya 1980. Kwa sura havina urembo: visanduku viwili vya mstatili, vyeusi, vinavyoning'inia kwenye utepe wa kichwani. Mzee alikiinua kimoja akakielekeza dirishani. "Tazama hapo ndani, mwanangu." Nikaona mwanga wa jua ukipenya upande hadi upande. Mahali nilipotarajia sumaku palikuwa na matundu tu, na katikati yake kitu ambacho jicho langu lilishindwa kukishika.

Spika tulizozoea zina koili ya waya iliyogandishwa kwenye koni. Sumaku huisukuma koili, koili huisukuma koni. Kwa kuwa koni inasukumwa sehemu moja tu, lazima iwe ngumu, na ugumu huja na uzito. Chenye uzito huchelewa kuanza na huchelewa kusimama.

Waliobuni njia ya umeme tuli waliuondoa uzito huo. Badala ya koni, wanatumia utando wa plastiki. Kwenye SR-009 ya Stax ya mwaka 2011 unene wake ni mikroni 1.35, ilhali unywele mmoja wa binadamu una kama mikroni 70. Utando hupakwa kitu kinachopitisha umeme kwa shida sana, makusudi, ili chaji ikishatandaa isipate njia ya kukimbilia upande mmoja. Hushibishwa kwa volti 580, ukakaa kati ya mabamba mawili yenye matundu, na pengo la kila upande ni kama nusu milimita. Muziki hupelekwa kwenye mabamba hayo. Moja likivuta, la pili linasukuma, na utando wote huenda kwa pamoja, katikati na pembeni, bila kuguswa na chochote.

Hapo ndipo mkono wa fundi unapopimwa. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Anayewamba utando huu hana ruhusa hiyo. Akivuta upande mmoja kuliko mwingine, amekwisha haribu. Akiulegeza, utanasa kwenye bamba kwa nguvu ya chaji yake wenyewe. Akiukaza mno, sauti nzito za chini zitapotea. Chembe moja ya vumbi ikiingia kwenye pengo, msikilizaji atasikia mchakacho badala ya kimya. Na akimaliza sikio la kulia, sharti la kushoto lifanane nalo, kwa sababu sikio la mtu hutambua upesi pacha wasiolingana.

Stax ilianzishwa mwaka 1938, na mwaka 1960 ikaanza kuuza SR-1, vipokea sauti vya kwanza vya aina hii. Mpaka leo inaviita spika za masikioni. Wajerumani wa Sennheiser walitoa vya kwao, Orpheus, mwaka 1991, jozi 300 tu.

Lakini utando huu, kwa wepesi wake wote, unadai mtumishi mwenye misuli. Ukivichomeka vipokea sauti hivi kwenye simu hutapata kitu. Hata plagi haiingii, maana ina pini tano. Waya wake ni bapa na mpana kama utepe, nyuzi zimetenganishwa ili zisilimbikize umeme kati yake. Amplifaya inapaswa kutoa mamia ya volti yanayopanda na kushuka maelfu ya mara kwa sekunde. Na kwa kuwa mabamba na utando hufanya kama kapasita, kadiri sauti inavyokuwa nyembamba ndivyo umeme unaodaiwa unavyoongezeka. Pigo moja la toazi huitoa jasho amplifaya dhaifu.

Ndiyo maana wapo waliotumia maisha yao kwenye amplifaya hizi peke yake. Mmarekani Kevin Gilmore alibuni za kwake na kuichapisha michoro ili yeyote mwenye ujuzi na tahadhari ajiundie. Blue Hawaii, iliyotokana na ubunifu wake, inaendeshwa na valvu (taa za elektroniki) nne za EL34. Sennheiser nao, katika HE 1 ya mwaka 2015, waliweka valvu nane kwenye sanduku la marumaru ya Carrara, kisha hatua ya mwisho ya kukuza umeme wakaihamishia ndani ya vikombe vya masikio, ili waya mrefu usiile nguvu njiani.

Mzee aliwasha amplifaya yake, valvu zikaanza kuwa nyekundu. Nikanyoosha mkono. "Tulia kwanza, mwanangu. Utando haujashiba." Chaji huupitia ukinzani mkubwa, na ukinzani huohuo ndio unaomlinda msikilizaji, kwa hiyo huingia polepole. Tukakaa kimya, joto la valvu likanifikia mkononi.

Kisha akaniwekea taarab. Ala ya kanuni ilipoingia, nilisikia kidole kikiukwaruza uzi kabla uzi haujalia. Kisha uzi ukalia, mwangwi wake ukapungua, ukapungua tena, na kabla haujakwisha uzi wa pili ukaguswa juu yake, nyuzi zote mbili zikasikika, kila mmoja na mahali pake. Nilikuwa nimeusikia wimbo ule tangu utotoni. Ule mkwaruzo wa kidole sikuwahi kuusikia.

"Umeshiba sasa," mzee akasema.