Barua Iitayo Ndugu

Msomaji, tuseme wakaa Ruiru, na mtu wa Thika amekuletea barua. Ataka umpeleke mwalimu wa wanao kwa watu wake, wampime kama anafaa; na mwishoni akuita ndugu mpendwa. Je, huo ni undugu, au ni amri iliyovikwa kanzu?

Barua ya namna hiyo ilipata kuandikwa. Yapata mwaka 356 baada ya Kristo, Constantius, Kaisari wa Roma, aliwaandikia Ezana na Sazana, watawala wa Aksum katika nchi ya Uhabeshi. Aliwataka wampeleke Askofu Frumentius Misri, ili ahojiwe imani yake na George, Askofu wa Aleksandria. Kwa kuwa aliyempa uaskofu ni Athanasius, mtangulizi wa George, aliyekuwa akiwindwa na Kaisari.

Itazame lugha yake. Kaisari asema kwamba awajali watu wa Aksum sawasawa na Warumi. Neno hilo ni tamu, lakini lina mwiba: Aksum haikuwa milki ya Roma, basi ni nani aliyempa ulezi huo? Kisha aingiza hofu: Frumentius asipokwenda, atawapotosha raia. Ndipo awaita ndugu. Asiyeweza kuamuru hubembeleza na kutisha kwa kalamu moja.

Nakala ya barua hiyo ilihifadhiwa na Athanasius mwenyewe, aliyeitia katika utetezi wake. Na Kanisa la Ethiopia lamkumbuka Frumentius hata leo kuwa askofu wake wa kwanza. Basi, upatapo barua tamu, uliza kwanza: aniitaye ndugu ataka nini?