Mgeni Katika Kipeperushi

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Walisema tena, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hizi mbili hazipingani. Ya kwanza yaeleza neema aliyonayo mgeni, na ya pili yaeleza kikomo chake. Zote mbili zamtaja mtu wa pili, yaani mwenyeji, maana pasipo mwenyeji hapana mgeni, bali pana mpita njia tu. Nimezikumbuka methali hizi kila nilipokaa kusoma vipeperushi vya loji ndogo za mbugani, vile vyenye picha ya hema jeupe, taa ya chemli na tembo anayekunywa maji kwa mbali. Nimevisoma vingi, na nimeona vyastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya, kwa sababu navyo vina mhusika mkuu, mandhari, na watu waliofichwa nyuma ya pazia.

Mhusika mkuu ni mgeni. Yeye ndiye anayeamka, anayeletewa kahawa kabla ya jua kuchomoza, anayemwona simba, anayeoga na kupumzika. Mandhari ni pori, na pori hilo aghalabu huelezwa kuwa halijaguswa na mkono wa mtu. Waliofichwa ni wenyeji. Utawaona wameshika sinia, au wamesimama kando ya gari wakitabasamu, lakini hutaambiwa wanatoka kijiji gani, wala babu zao walizikwa wapi. Kwa maneno mengine, kipeperushi ni hadithi ya ugeni usio na mwenyeji. Hapo ndipo uhakiki wangu unapoanzia.

Ndugu msomaji, neno safari ni letu. Tulilipokea kutoka Kiarabu, tukalitia katika maisha yetu, nasi tukawapa walimwengu. Kwetu sisi safari ni kutoka hapa kwenda pale kwa haja: msiba, harusi, biashara, shule, tiba. Mtu wa Mbwawa akipanda gari kwenda Mlandizi kumwona mgonjwa, yuko safarini. Katika kipeperushi neno hilo limebadilika. Huko safari maana yake ni kuzunguka ndani ya gari na kurudi palepale ulipotoka. Si kosa neno kukua, maana lugha zote hukopeshana. Lakini neno linaporudi nyumbani likiwa limevaa koti la kigeni, ni halali kulikagua mifukoni.

Tunacho cha kulinganishia. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu cha habari za safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe, kwa Kiswahili, kikaitwa Safari za Wasuaheli. Mmoja wa wasimulizi wake ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili na aliyefariki hukohuko mwaka 1927. Safari aliyoieleza humo si ya mbali: ni ya Udoe hadi Uzigua, nchi za upande huu wetu wa Pwani, jirani na mahali ambapo leo watu huenda kulala hemani katika Hifadhi ya Saadani. Tena humo yumo Selim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia, akatusimulia mambo ya huko. Naye Tippu Tip alituachia habari za maisha yake, ambazo karibu zote ni habari za njiani.

Nini kinawatofautisha wasimulizi hao na kipeperushi? Watu. Msafiri wa Mtoro hafiki mahali patupu. Hufika kwa watu wenye mila, wenye wakubwa wao, wenye namna yao ya kuzika na kuoa. Udoe si mandhari, ni nchi ya Wadoe. Selim naye alipokwenda mbali kuliko wote aliangalia watu wanavyoishi, nao wakamwangalia yeye. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya maandishi yale: msafiri anajua kwamba naye anatazamwa.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Misafara ya zamani haikuwa ya heri tupu. Njia za Tippu Tip zilikuwa njia za pembe za ndovu na za watumwa, na hakuna uzuri wa lugha unaoweza kufuta jambo hilo. Basi sisemi kwamba zamani palikuwa na usafiri mwema na leo pana usafiri mbaya. Nasema tu kwamba maandishi ya zamani yalikuwa na wenyeji ndani yake, hata pale msafiri alipokuja kuwadhuru, na maandishi ya leo, ambayo hayana nia ya kumdhuru mtu, yamewaondoa.

Kipeperushi nacho kina ukoo wake. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, alipomaliza urais wa Marekani, aliteremka Mombasa akaenda bara na mamia ya wapagazi. Yeye na mwanawe waliua wanyama wakubwa zaidi ya 500, na kitabu chake kikatoka mwaka 1910. Mmoja wa waliomsaidia kuipanga safari ile alikuwa rafiki yake, mwindaji Mwingereza Frederick Courteney Selous. Miaka 1933 na 1934 Ernest Hemingway aliwinda hapa Tanganyika, na mwaka 1935 akatoa kitabu chake, Green Hills of Africa. Bunduki imeshuka bega, kamera imepanda, lakini umbo la hadithi limebaki: bwana anatazama, nchi inatazamwa, na mtu wa tatu anabeba mzigo.

Twende kwa mfano ulio karibu. Kusini kwetu, ng'ambo ya Kibiti, kuna Mto Rufiji, na kando yake zimejengwa loji na kambi ndogo nyingi. Wajerumani walianza kutenga eneo la wanyama huko mwaka 1896. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji viliwaka katika vilima vya Umatumbi, na Kinjikitile wa Ngarambe, kijiji ambacho leo ni jirani na hifadhi, ndiye aliyegawa ile dawa. Njaa iliyofuata iliua watu wengi. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Selous aliuawa kwa risasi Beho Beho mwezi Januari 1917, akazikwa hapohapo, na mwaka 1922 pori lote likapewa jina lake. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha maelfu ya watu upande wa Liwale kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na mashamba yao yakawa pori. Mwaka 1982 UNESCO ikaliingiza Pori la Selous katika urithi wa dunia, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ya kaskazini ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Sasa soma tena maneno yale ya kipeperushi, kwamba hili ni pori lisiloguswa. Limeguswa na nani zaidi ya hapo? Limeguswa na njaa, na vita, na amri za kuhama. Kaburi la Selous lipo na wageni huonyeshwa. Wapagazi waliokufa kwa maelfu katika vita vilevile, wengi wao hawana hata kibao. Walichoachiwa ni jina la kikosi chao, ambalo tunalitaja kila siku tunapopanda gari kwenda Kariakoo.

Tena kuna jambo ambalo mtunzi wa riwaya angelipenda. Imesimuliwa mara nyingi kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hakuvutiwa na kutumia likizo yake kutazama mamba, ila alijua wageni wa nje wanavutiwa, na kwamba fedha yao ingeifaa nchi. Ndiye huyohuyo ambaye mwezi Septemba 1961, katika Azimio la Arusha kuhusu wanyamapori, aliahidi kwamba nchi hii italinda viumbe hao kwa ajili ya vizazi vijavyo. Leo jina lake limebeba hifadhi yenye mamba wasiohesabika. Sioni kejeli hapo, naona wajibu: kulinda jambo kwa faida ya wote hata kama nafsi yako hailihitaji.

Nimeandika haya kwa sababu mwaka mmoja majirani zangu wa Mbwawa, wanachama wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, waliamua kwamba wamechoka kusafiri kwa misiba tu. Walitaka mara moja katika maisha yao wakalale siku mbili mbugani. Walikuwa wamewaona twiga na nyati kupitia dirisha la basi, maana barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na abiria huona wanyama bure huku dereva akipunguza mwendo kwa kuogopa faini. Lakini kuona ukipita si kukaa. Nikapewa kazi ya kupiga simu. Mahali pamoja nilipouliza kwa Kiswahili nilijibiwa kwa Kiingereza, na bei nikatajiwa kwa dola. Nilipouliza bei ya raia, yule wa upande wa pili alinyamaza kidogo, kisha akasema hajawahi kuulizwa.

Kunyamaza kule ndiko kiini cha jambo. Serikali imeweka viingilio vya raia kwa shilingi, vya chini sana kuliko vya wageni, kwa sababu inatambua kwamba hifadhi ni mali yetu. Lakini kitanda ni cha mwenye loji, na kipeperushi chake hakikumwazia mtu wa Mbwawa. Basi anayepanga na asome kipeperushi kama mhakiki, aulize yale kilichoyaacha.

Aulize, bei hii ni ya kitanda na chakula tu, au imechukua na mizunguko ya gari na boti? Kiingilio cha hifadhi kimo, au hulipwa kando kwa kila saa 24? Aulize msimu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara ya vumbi kutoka Kibiti kwenda Mloka huwa tope, na kambi kadhaa za Rufiji hufunga. Juni hadi Oktoba nyasi hupungua na wanyama husogea majini, lakini bei nazo hupanda. Aulize kama kambi ina uzio, maana nyingi hazina, na usiku hutembei kutoka hemani hadi mezani bila askari. Hilo ni la muhimu kwa mwenye watoto au mzee anayeamka kujisaidia. Aulize kama wanapokea watoto wadogo, maana wapo wasiowapokea. Aache nyumbani nguo za buluu iliyoiva na nyeusi, kwa sababu mbung'o huzipenda, na aache pia mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku tangu Juni 2019. Dawa ya mbu asiisahau.

Kisha aulize maswali ambayo hayana uhusiano na starehe yake. Wafanyakazi wenu wanatoka vijiji gani? Mboga na samaki mnanunua kwa nani? Yuko mtu wa kutueleza habari za hapa kabla hapajawa hifadhi? Loji ndogo inaweza kuyajibu haya vizuri kuliko hoteli kubwa, na hiyo ndiyo hoja bora ya kuichagua. Yenye vyumba kumi, mpishi wake unaweza kumjua kwa jina, na mwongozaji wake aweza kuwa mtoto wa mvuvi wa Rufiji ambaye anaijua mikondo ya maji tangu hajajua kusoma. Huyo ni mwenyeji, si mapambo. Ukimpa nafasi ya kusema, utapata kitu ambacho picha ya tembo haiwezi kukupa.

Hukumu yangu basi ni hii. Vipeperushi vina lugha safi na picha nzuri, na mengi yaliyomo ni ya kweli: mto upo, viboko wapo, nyota zipo. Kasoro yake ni ya kuacha, si ya kudanganya. Kinaacha historia, kinaacha wenyeji, na kinamwacha raia nje ya mlango wa nchi yake mwenyewe. Kasoro ya kuacha haiponywi kwa kukasirika, huponywa kwa kuuliza hadi aliyezoea kunyamaza atafute jibu. Majirani zangu walikwenda, watu tisa kati ya kumi na wanne, mwezi wa Julai, baada ya kupata mahali palipowatajia bei kwa shilingi. Mama mmoja aliyezaliwa upande wa Rufiji alizungumza na mwongozaji jioni nzima, wakataja koo na majina ya vijito. Wageni wengine wawili, waliotoka Ulaya, wakasogeza viti vyao na kuomba wafasiriwe.