Sanaa ya Kusafiri Wawili

Kusafiri na rafiki ugenini ni kazi ya ufundi, nayo ina mafundi wake kama ulivyo useremala. Nyumbani urafiki hushikiliwa na mengi: jamaa, mtaa, kazi, lugha inayoeleweka na kila mtu. Ugenini nguzo hizo huondoka zote kwa mpigo, wakabaki watu wawili, mfuko mmoja wa fedha na siku ndefu. Wako waliokua pamoja tangu utotoni ambao wamerudi safari ya namna hiyo hawasemezani. Mapenzi walikuwa nayo. Kazi yenyewe ndiyo hawakuijua.

Walioijua vyema ni Nicolas Bouvier na Thierry Vernet, vijana wa Geneva waliojuana tangu shuleni. Mwaka 1953 Vernet, ambaye alikuwa mchoraji, alitangulia Yugoslavia. Bouvier, aliyetamani kuwa mwandishi, alimfuata kwa gari dogo aina ya Fiat Topolino, wakakutana Belgrade mwezi Julai. Kutoka hapo walipita Ugiriki, Uturuki, Iran na Pakistan, hadi Afghanistan mwaka 1954. Walikuwa na muda wa miaka miwili na fedha za miezi minne. Pengo hilo lilikuwa neema, kwani liliwalazimisha kuhemea riziki njiani, na anayehemea riziki hukaa na watu, hapiti tu.

Gari lenyewe lilisaidia. Topolino ina viti viwili vya mbele, na injini yake haifiki hata sentimita za ujazo 600. Kwenye milima mikali ilibidi isukumwe. Wasafiri wanaokaa bega kwa bega namna hiyo, kutwa nzima, hawana pa kujificha wakinuna. Tena mwendo wa polepole huwapa nafasi ya kuona kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kukiona vya kutosha.

Hata hivyo kuona pamoja hakutoshi, na hapa ndipo ilipo siri kubwa ya ufundi huu: kila mmoja awe na kazi yake. Vernet alikuwa na brashi na wino, Bouvier na kalamu. Walichokishiriki ni muziki, Vernet akipiga akodioni na Bouvier gitaa, na kwa muziki huo walifunguliwa milango ambayo maneno yao machache yasingeifungua. Lakini mchoro ulikuwa wa mmoja na ukurasa wa mwingine. Rafiki asiye na shughuli yake mwenyewe humgeuza mwenzake kuwa burudani, naye mwenzake huchoka. Mwenye shughuli hurudi jioni na jambo la kusimulia.

Mtihani ulikuwa Tabriz, kaskazini-magharibi mwa Iran. Theluji ilifunga njia, nao wakapanga katika mtaa wa Waarmenia majira yote ya baridi ya 1953 na 1954. Bouvier alifundisha Kifaransa ili wapate mkate, Vernet alichora. Hapakuwa na barabara mpya kila asubuhi ya kuwatoa mawazo. Safari iliyosimama ni ngumu kuliko inayosonga, maana uchovu wa mwendo hukosa pa kwenda ila kwa mwenzako. Anayeweza kukaa kimya saa nzima karibu na rafiki yake, pasipo kimya hicho kudhaniwa kuwa hasira, amefika mbali katika sanaa hii.

Kurasa alizoandika Bouvier katika baridi hiyo zilipotea Quetta, nchini Pakistan. Mtumishi wa hoteli, akisafisha chumba, alidhani ni takataka akazitupa. Wakaenda jaani kuzitafuta, wakifukua taka, wasipate ila vipande vichache visivyofaa kitu. Mchoraji hakupoteza hata mchoro mmoja siku ile, lakini alifukua. Huenda hakuna kipimo cha urafiki wa safari kilicho wazi kuliko hicho.

Sehemu ya mwisho ya ufundi ni kuagana bila kinyongo. Walitengana Kabul. Vernet alikwenda Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, akaoana huko na mchumba wake, Floristella Stephani, mchoraji kama yeye. Bouvier alivuka Njia ya Khyber peke yake mwezi Desemba 1954, akaendelea hadi India, kisha Ceylon. Kisiwani humo aliugua na kuzongwa na upweke uliomchukua zaidi ya miaka 25 kuutolea kitabu.

Kitabu cha safari ya wawili kilitangulia, nacho hakikupata njia nyepesi. Wachapishaji walikikataa, hadi mwaka 1963 kilipotoka Geneva kwa gharama ya Bouvier mwenyewe, katika nyumba ya uchapishaji ya Droz, kwa jina *L'Usage du monde*. Michoro ya Vernet imo kati ya kurasa, nayo haipo kwa ajili ya kupamba tu. Pale Bouvier anapokaza sentensi, mistari ya Vernet huwa myepesi, na msomaji huona macho mawili yaliyotazama barabara moja. Barua walizoandikiana tangu 1945 hadi 1964 zilichapishwa mwaka 2010 na Éditions Zoé. Ndani yake wanaonekana wakipanga safari na kupeana habari za kazi zao, kwanza kabla ya kuondoka, kisha miaka mingi baada ya kila mmoja kushika njia yake.