Misimu ya Starehe: Kula, Kuponda na Kujibamba

Katika fasihi simulizi, misimu huainishwa chini ya semi, pamoja na methali, vitendawili na nahau. Hata hivyo, watahiniwa wengi huandika tu kwamba ni "maneno ya vijana yanayozuka na kutoweka", kisha wakaenda zao. Mhakiki hana budi kuuliza: msimu huu unasema nini kuhusu jamii? Tuchukue misimu ya starehe inayosikika katika vituo vya matatu vya Thika, kando ya mto Chania, na vya Ruiru.

Kundi la kwanza hujengwa kwa kitenzi "kula": kula raha, kula ujana, kula maisha. Nchini Tanzania husemwa pia kula bata. Hii ni sitiari: starehe imefanywa chakula, na chakula huisha. Anayejigamba kwamba anakula ujana amekiri, pengine bila kujua, kwamba sahani itabaki tupu.

Kundi la pili ni la "kuponda". Kuponda ni kusagasaga kitu kwa kukigonga. "Kuponda raha" hutukumbusha methali "Ponda mali kufa kwaja", ambamo uharibifu umegeuzwa kuwa furaha. Methali hiyo hukinzana na "Akiba haiozi", na ukinzani huo humkabili kila apokeaye mshahara mwisho wa mwezi.

Kundi la tatu ni la kujibamba na kujirusha. Katika Kiswahili sanifu, kubamba ni kukamata. Katika Sheng, jambo linalobamba ni lile linalopendeza. Kiambishi kirejeshi "ji" humfanya mtenda awe pia mtendwa. Katika sherehe za jadi mtu alialikwa, akakaribishwa, akatunzwa. Anayejibamba hajamngoja mwenyeji. Aidha, muundo huu si mgeni, kwani Kiswahili sanifu kina kujivinjari na kujiburudisha.

Hivyo basi, anayejibu kwamba misimu ni lugha ya wahuni ametoa hukumu, hajahakiki. Wala si kweli kwamba misimu yote hutoweka. Neno "matatu" lilitokana na nauli ya mapeni matatu, yaani senti 30. Nauli hiyo ilipita zamani, neno limebaki kamusini.

Zoezi: Kwa kurejelea misimu miwili ya starehe, eleza mtazamo wa wasemaji kuhusu mali. (alama 4)