Feni ya Pickup Huchoka Upande wa Hasi

Gari likianza kuchemsha mlimani, lawama huangukia rejeta, thamostati au pampu ya maji. Feni inaonekana inazunguka, kwa hiyo haishukiwi. Lakini feni ya umeme inaweza kuzunguka mbele ya macho yako na bado ikafanya nusu ya kazi yake. Chanzo mara nyingi ni waya uliofungwa mwisho, haraka haraka, kwenye bolti yoyote iliyokuwa karibu: waya wa kurudisha umeme kwenye betri, ule ambao mafundi huuita ethi. Kila ampea inayoingia kwenye feni lazima irudi ilikotoka. Kwa hiyo njia ya kurudi inastahili waya mnene na kazi safi sawasawa na njia ya kwenda.

Tuchukue kazi inayofahamika gereji: Toyota Hilux ya zamani yenye feni inayozungushwa na injini. Klachi ya feni imechoka, bei ya mpya inamtisha mwenye gari, na fundi anashauri kufunga feni mbili za umeme zilizotoka kwenye gari dogo. Ushauri huo una mantiki. Feni ya injini hufuata mizunguko ya injini, hivyo kwenye foleni ya Dar es Salaam, injini ikiwa sailensa, hewa hupungua wakati ule ule inapohitajika. Feni ya umeme hupuliza hata gari likiwa limesimama. Ukipanda mlima wa Kitonga taratibu nyuma ya lori lililosheheni, mwendo wa gari hauleti upepo wa maana, na feni ndiyo inayobeba mzigo wote wa kupoza.

Shida huanza kwenye kuzifunga.

Hesabu ya volti zinazopotea

Tuseme kila feni inakula ampea 15, jumla 30. Kwa njia ya mkato, fundi anavuta waya mmoja wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri, anaupitisha kwenye swichi ya dashibodi, kisha anaurudisha mbele hadi kwenye feni. Jumla ni kama mita 4. Waya wa shaba wenye urefu wa mita 1 na ukubwa wa milimita 1 ya mraba una ukinzani wa omu 0.0175 hivi. Kwa waya wetu, hesabu inatoa omu 0.028. Zidisha kwa ampea 30, na volti 0.84 zimeishia njiani, kabla ya kuhesabu viungo vya swichi.

Sasa upande wa hasi. Waya umefungwa kwenye fremu inayoshika rejeta, juu ya rangi. Tuseme rangi na kutu vimeacha ukinzani wa omu 0.05 tu, kiasi kidogo ambacho multimita ya kawaida hupata tabu kukisoma. Kwa ampea 30, volti 1.5 zinapotea kwenye bolti hiyo moja, na wati 45 zinageuka joto papo hapo. Altaneta inatoa volti 13.8, lakini feni zinapokea takribani 11.5. Ampea nazo zitashuka kidogo, ila picha haibadiliki.

Upungufu huo ni wa asilimia 17. Unaonekana mdogo mpaka ukumbuke kanuni ya feni: hewa hupungua sambamba na mzunguko, shinikizo hupungua kwa kipeo cha pili, na nguvu ya kupuliza kwa kipeo cha tatu. Kasi ikishuka pamoja na volti hadi asilimia 83, shinikizo la kusukuma hewa kati ya mapezi ya rejeta linabaki asilimia 69, na nguvu asilimia 57. Mwenye gari anaona feni inazunguka. Injini inaona feni iliyobaki na zaidi kidogo ya nusu ya nguvu.

Visiwa vitatu vya chuma

Kwa nini bolti ya kwenye bodi ni mahali pabaya, hata rangi ikikwanguliwa? Pickup ni visiwa vitatu vya chuma: injini, chesisi na bodi. Injini imekaa juu ya raba kwenye chesisi, na bodi nayo imekaa juu ya raba zake. Raba haipitishi umeme. Kinachoviunganisha ni nyaya chache tu za ethi zilizowekwa kiwandani. Altaneta imefungwa kwenye injini, na hasi yake ni ganda lake lenyewe. Kwa hiyo umeme wa feni ulioingia kwenye bodi lazima uvuke hadi kwenye injini ndipo safari yake itimie.

Sasa fikiria Hilux ambayo injini yake imewahi kushushwa na kupandishwa. Ule waya mfupi wa kuunganisha bodi na injini umeachwa unaning'inia, au haukurudishwa kabisa. Taa na redio bado zinafanya kazi kwa sababu hazidai mengi. Feni za ampea 30 zikiwaka, umeme unatafuta njia nyingine: kebo ya mafuta, kebo ya gia, bomba lolote la chuma. Kebo ya mafuta inayopata moto au kuanza kukwama bila sababu ni dalili ya mafundi kuisoma mara moja.

Njia nyingine ni maji ya rejeta yenyewe. Feni ikipewa ethi kwenye rejeta au fremu yake, na fremu hiyo haina muunganisho mzuri na betri, sehemu ya umeme hupita kwenye maji kuelekea injini. Rejeta ya aluminiamu huliwa kutoka ndani, ikatoboka vitundu vidogo. Mwenye gari hununua nyingine, nayo ikatoboka vile vile, kwa sababu kosa lilibaki kwenye waya.

Kazi inavyopaswa kufanywa

Kila feni ipate rilei yake na fyuzi yake. Moja ikifa, nyingine inakufikisha nyumbani. Namba zilizoandikwa chini ya rilei zinatokana na kanuni ya Kijerumani DIN 72552, na zinasomeka hivi: 30 hupokea umeme kutoka betri kupitia fyuzi, 87 hupeleka kwenye feni, 85 na 86 ni za koili. Koili hula sehemu ndogo tu ya ampea moja, hivyo swichi ya joto na nyaya za dashibodi hazibebi tena mzigo wa feni. Umeme wa koili utoke kwenye laini inayozimika pamoja na funguo, ili feni zisimalize betri usiku.

Waya wa milimita za mraba 4 kwa kila feni unatosha kwa umbali mfupi: mita 2 za kwenda na mita 1.5 za kurudi, kwa ampea 15, hupoteza takribani volti 0.23 kwa jumla. Fyuzi ya ampea 25 ikae karibu na betri, isizidi shubiri moja, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya wote unaofuata. Fyuzi iliyowekwa karibu na feni haisaidii waya ukichunika na kupiga shoti njiani.

Hasi za feni zirudi kwa waya hadi kwenye bolti ya injini iliyofungwa kebo ya hasi ya betri, au hadi kwenye betri yenyewe. Usiiachie bodi ibebe kazi hiyo. Chuma kisuguliwe kwa msasa hadi king'ae, kichwa cha waya kibanwe kwa koleo lake, washa ya meno iwekwe, bolti ikazwe, kisha grisi ipakwe juu kuzuia kutu. Waya mpya wa kuunganisha bodi na injini ni gharama ndogo, na gari kuukuu lolote linauhitaji.

Swichi ya joto nayo ina mtego. Swichi yenye waya mmoja hupata hasi kupitia meno yake yaliyokazwa kwenye chuma. Fundi akiyazungushia tepu nyeupe ya mabomba ili maji yasivuje, anaweza kuikata ethi yake, na feni zisiwake kamwe. Toyota nyingi za zamani zilizotoka kiwandani na feni za umeme zilipangwa kwa busara zaidi: swichi hupitisha umeme ikiwa baridi na kuukata ikipata moto, na rilei yake huwasha feni pale koili inapokosa umeme. Waya wa swichi ukikatika, feni hukimbia muda wote, na injini inapona. Mpango huo unafaa kuigwa.

Pima feni zikiwa zinafanya kazi

Kupima ethi kwa omu kunadanganya. Multimita hupitisha umeme kidogo mno, na waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima utasomeka kama mzima. Pima volti, feni zikiwa kwenye kasi kamili na injini inanguruma. Weka ncha nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri, ncha nyekundu kwenye hasi ya feni. Kinachosomeka ndicho kinachopotea, na kisizidi volti 0.2. Fanya vivyo hivyo kati ya chanya ya betri na chanya ya feni. Hapo kisizidi 0.5. Kisha, injini ikiwa imepoa, chovya ncha nyekundu kwenye maji ya rejeta bila kugusa chuma. Usomaji ukiruka pindi feni zinapowashwa, umeme unapita kwenye maji.

Wenye malori makubwa wasivutwe na njia hii. Feni ya injini kubwa ya dizeli inaweza kuhitaji makumi ya kilowati. Kilowati 20 kwa volti 24 ni zaidi ya ampea 800, mzigo ambao altaneta ya lori haiwezi kuubeba. Kwao klachi itengenezwe. Na mwenye Canter au Fuso ya volti 24 anayetaka kuongeza feni ndogo ya volti 12 asiiunge kwenye betri moja kati ya mbili: moja itabaki na njaa, nyingine itachajiwa kupita kiasi, na zote zitakufa mapema.

Mwenye gari, una haki ya kudai kipimo kabla ya kulipa. Mwambie fundi awashe feni, aweke multimita kwenye hasi, akuoneshe namba. Iliyo chini ya 0.2 ni kazi iliyokamilika. Iliyo juu ya hapo irudishwe kwenye msasa na spana siku hiyo hiyo, kwa sababu gharama yake ni ndogo kuliko kufungua silinda hedi.